Jenomu ya sisimizi wa baridi inapokugomea: fuata dalili hadi kwenye kiota

Sisimizi ninayemtumia kama mfano humu ni Prenolepis imparis, ambaye Thomas Say alimpa maelezo ya kisayansi mwaka 1836. Anaishi Amerika Kaskazini, kuanzia Ontario hadi Meksiko, na maisha yake yamepinduliwa. Sisimizi wengine wakijifungia kwa baridi, yeye ndiye yuko nje anatafuta chakula, hata joto likikaribia nyuzi 0. Kiangazi kikianza anaziba mlango na kushuka. Walter Tschinkel alipochimba viota vya spishi hii Florida katika miaka ya 1980, alikuta vyumba vilivyofika kina cha mita 3.6. Huko chini koloni huishi kwa mafuta yaliyohifadhiwa miilini mwa wafanyakazi vijana, ambao fumbatio zao huvimba hadi ngozi kati ya pingili inaonekana.

Nimeanza na maisha yake kwa makusudi. Watu wengi huleta tatizo likiwa tayari kwenye kompyuta: kontigi (vipande vya DNA ambavyo programu imeviunganisha) ni fupi, jenomu (DNA yote ya mdudu) imevimba, jeni zimepungua. Wanabadilisha programu, wanabadilisha vigezo, wanarudia. Kwa ninavyoona mimi, kosa la kwenye kompyuta mara nyingi lilifanyika maabara, na la maabara lilifanyika siku mdudu alipotiwa kwenye chupa. Kwa hiyo kila dalili hapa chini tutaifuata kurudi nyuma.

DNA ni kidogo, na hiyo iliyopo imekatikakatika

Hii ndiyo dalili inayoua miradi mingi. Usomaji wa vipande virefu kwa mashine ya PacBio unataka DNA ambayo baada ya kukatwa kwa mpango itakupa vipande vya herufi (A, C, G na T za DNA) 15,000 hadi 20,000. Ukiona kwenye jeli ukungu unaoteremka kutoka juu hadi chini badala ya mstari mzito juu, usiendelee kutengeneza maktaba (DNA iliyoandaliwa kuingia kwenye mashine) ukitumaini bahati.

Chanzo cha kwanza ni namna alivyokufa. Desturi ya maabara nyingi za wadudu ni kuweka sisimizi kwenye friji ya nyuzi 4 ili watulie, kisha kuwashughulikia. Kwa spishi hii nyuzi 4 ni hali ya hewa ya kawaida ya kazi. Utafungua friji ukute wanatembea, wengine wamemwagiana asidi. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri nayo si ya kutegemea, kwa sababu mdudu mdogo anaweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda mara moja, na kundi zima kwenye chupa moja hupoa polepole. Muda huo wote vimeng'enya vya mwilini vinaendelea kuitafuna DNA. Tumia naitrojeni ya kimiminika, au barafu kavu ukiwa porini, kisha hifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri bila kuyeyusha hata mara moja hadi siku ya kutoa DNA.

Ethanoli inafaa kwa kazi ya kutambua spishi kwa jeni moja. Kwa vipande virefu ni kamari, hasa kama chupa ilikaa wiki kadhaa kwenye joto la chumba na sisimizi wamejazwa hadi juu, maana maji ya miili yao hupunguza ukali wa ethanoli na gamba la nje huichelewesha kuingia ndani.

Chanzo cha pili ni asidi. Prenolepis yumo katika nusufamilia ya Formicinae, ambayo silaha yake ni asidi ya fomiki iliyobebwa kwenye tezi ndani ya fumbatio. Ukisaga sisimizi mzima unaipasua tezi hiyo ndani ya mchanganyiko wako. Asidi hung'oa herufi za A na G kutoka kwenye uti wa DNA, na pale zilipong'oka uti hukatika kirahisi. Sisimizi mmoja bafa inaweza kummudu. Ukisaga makumi kwa pamoja ili upate DNA nyingi, unaweza kujikuta umeongeza wingi na umepoteza urefu.

Dawa ni ileile kwa asidi, kwa mafuta na kwa uchafu wa tumboni tutakaouona baadaye: kata fumbatio na uliweke kando. Fanya hivyo juu ya bamba lililopozwa kwa barafu kavu, kwa kisu kipya, kichwa na kidari viende kwenye chupa yake. Utapoteza DNA, sibishi. Ila kidogo kirefu kina matumizi kuliko kingi kilichosagika.

Sasa hesabu. Jenomu yenye herufi milioni 300, ukubwa ambao si wa ajabu kwa sisimizi, ina uzito wa takriban pikogramu 0.31 kwa nakala moja. Ili upate nanogramu 300 kutoka kwa dume, ambaye ana nakala moja tu, unahitaji DNA ya karibu seli milioni moja bila kupoteza chochote njiani. Dume wa spishi hii ni mdogo, milimita chache. Ndiyo maana watu huchanganya ndugu kadhaa, na hapo ndipo dalili nyingine huzaliwa.

Ipo njia ya kiasi kidogo sana, inayoanzia nanogramu 5, ambayo huzidisha nakala za DNA kwa PCR kabla ya kusoma. Inafanya kazi kwa jenomu ndogo kama hizi. Gharama yake ni kwamba sehemu zenye herufi za upande mmoja, ama A na T tupu ama G na C tupu, hukuzwa vibaya, na kwenye jenomu yako yatabaki mashimo ambayo hakuna programu itakayoyaziba.

Mimi ningeanza hivi: dume mmoja akitosha, dume mmoja. Asipotosha, malkia mmoja mwenye mabawa aliyechukuliwa kiotini kabla ya kuruka. Malkia wa spishi hii ni mkubwa mara kadhaa kuliko wafanyakazi na DNA yake inatosha. Mabawa ni muhimu hapa. Malkia aliyekwisha pandwa amebeba mbegu za madume kwenye mfuko wake, na hizo ni jenomu za wageni. Madume na malkia hawa hukua wakakomaa kabla ya baridi, wakalala kiotini, kisha huruka siku za kwanza zenye jua na joto mwishoni mwa baridi. Ukiikosa alasiri hiyo, umejipatia mwaka mzima wa kusubiri. Panga safari kwa kutazama utabiri wa hewa, usipange kwa kalenda ya chuo.

Nanodrop inasema nyingi, Qubit inasema kidogo

Zote mbili ni mashine za kupima wingi wa DNA. Amini Qubit. Nanodrop hupima kila kitu kinachonyonya mwanga wa nanomita 260, pamoja na RNA na mabaki ya herufi zilizovunjika. Tofauti ikiwa kubwa, weka kimeng'enya kinachokula RNA, safisha, pima tena.

Uwiano wa 260/280 ukishuka chini ya 1.8 kuna protini. Ule wa 260/230 ukiwa chini ya 2 shuku chumvi za kemikali ulizotumia, au sukari ndefu na rangi za mdudu mwenyewe. Kwa sisimizi huyu ongeza mshukiwa mwingine, mafuta. Ukitumia wafanyakazi walionona, utaona utando juu ya mchanganyiko au mpira wa DNA unaokataa kuyeyuka. Safisha kwa klorofomu mara ya pili, na wakati ujao chukua wafanyakazi wakongwe wanaotoka nje kutafuta chakula, kwa kuwa wanene hukaa ndani.

Mashine inaanza vizuri, kisha mavuno yanashuka

Kwenye Nanopore, mashine inayosoma DNA ikipita kwenye vitundu vidogo mno, utaona vitundu vinazibika saa za mwanzo. Kwenye PacBio utaona kimeng'enya kinakata tamaa mapema, vipande vinasomwa mara chache na usahihi unashuka. Zote mbili kwa kawaida ni DNA chafu, hata kama urefu wake ni mzuri. Rudi kwenye sehemu iliyotangulia. Usinunue seli nyingine ya kusomea (kibebeo cha DNA ndani ya mashine) kwa DNA ileile.

Vilima viwili kwenye chati, na uliapa kwamba ni dume

Kabla ya kuunganisha chochote, tengeneza chati ya vijineno. Programu hukata data yote kuwa vijineno vya herufi 21, huhesabu kila kimoja kimeonekana mara ngapi, na GenomeScope hukuchorea vilima na kukadiria ukubwa wa jenomu. Dume wa sisimizi hutokana na yai lisilorutubishwa, ana seti moja ya kromosomu, kwa hiyo ukisoma kila sehemu ya jenomu mara 40 kwa wastani, utarajie kilima kimoja karibu na 40. Malkia ana seti mbili: kilima kwenye 40 kwa mahali nakala zake zinapofanana, na kingine kwenye 20 zinapotofautiana.

Ukiona vilima viwili kwa dume, usikimbilie kusema mashine imekosea. Uliza kwanza kama kweli alikuwa dume mmoja. Ukichanganya madume ndugu, unachosoma ni seti mbili za mama yao zilizogawanywa kwa bahati nasibu, na chati itafanana sana na ya diploidi, yaani mnyama mwenye seti mbili. Kitambulisho ni uwiano. Chukua mahali penye herufi mbili tofauti uone kila moja ina asilimia ngapi ya vipande. Mnyama mmoja diploidi atakupa nusu kwa nusu karibu kila mahali. Ndugu kumi watakupa 30 kwa 70 hapa, 60 kwa 40 pale, na uwiano huo utabadilika polepole ukitembea kwenye kromosomu.

Kama ni nusu kwa nusu kweli, na dume alikuwa mmoja, basi huenda una dume diploidi. Hii si ngano. Kwa wadudu wengi wa oda ya sisimizi, nyuki na nyigu, jinsia huamuliwa na eneo la jenomu ambalo likiwa na nakala mbili tofauti hutoa jike. Yai lililorutubishwa likipata nakala mbili zinazofanana hapo, huwa dume. Hutokea zaidi pale wazazi wanapokuwa na undugu, na utaliona kwa maeneo marefu ya jenomu yasiyo na tofauti hata moja. Data yake haijaharibika. Iunganishe kama diploidi tu.

Kilima cha tatu, chembamba, kilichokaa peke yake mbali na vingine, kwa kawaida ni bakteria. Kile kirefu kupita kiasi upande wa kulia ni mitokondria, hasa ukitumia kidari chenye misuli ya kuruka. Hakina madhara. Kinakula sehemu ya mavuno yako tu.

Jenomu imetoka kubwa kuliko inavyopaswa

Kwanza, inavyopaswa kwa kipimo gani? Neil Tsutsui na wenzake walipima spishi 40 za sisimizi mwaka 2008 wakapata kuanzia milioni 211 hadi milioni 690 za jozi za herufi. Kwa hiyo kumlinganisha wako na sisimizi Camponotus floridanus kwa sababu tu ndiye aliyekuwa wa kwanza kusomwa, pamoja na Harpegnathos saltator mwaka 2010, si hoja. Tumia makadirio ya chati ya vijineno, au kipimo cha seli kwa mwanga wa leza ukiweza.

Kama kweli imezidi, endesha BUSCO, programu ya kukagua ukamilifu wa jenomu, na seti ya Hymenoptera (oda ya sisimizi, nyuki na nyigu), ambayo katika toleo la odb10 ina jeni 5,991 zinazotarajiwa kuwepo mojamoja. Zikirudiwa kwa wingi, nakala mbili za malkia zimehesabiwa kama sehemu mbili tofauti. Programu ya purge_dups ni kwa kazi ya kuziondoa. Kwa dume kosa ni la kinyume: hifiasm, programu ya kuunganisha vipande, kwa kawaida hujaribu kuondoa nakala pacha, na kwa jenomu ya seti moja inaweza kuondoa marudio halali. Zima kwa -l0.

Jeni zisiporudiwa na ukubwa bado umezidi, una wageni. Panga kontigi zote kwa asilimia ya G na C dhidi ya idadi ya mara zilizosomwa, BlobToolKit itakuchorea. Hapa jua mdudu wako anakula nini. Sisimizi huyu hula utomvu mtamu wa vidukari, matunda yanayooza na mizoga, minyoo ya ardhini ikiwemo. Kontigi zenye jeni za minyoo hazina fumbo lolote, ni chakula cha mchana. Ungekata fumbatio usingeziona.

Bakteria wa ndani ya seli ni suala jingine. Sisimizi wa kundi la Camponotus hubeba Blochmannia, ambaye jenomu yake kwa C. floridanus ni herufi 705,557 na ina G na C asilimia 27 tu. Prenolepis hayumo katika kundi hilo, kwa hiyo usimtafute kwa nguvu. Wolbachia ndiye wa kutegemea, kwani ameenea kwa sisimizi wengi. Lakini usifute kila kontigi yenye jina Wolbachia. Vipande vyake huwa vimehamia kwenye kromosomu za wadudu. Kontigi ikiwa na jeni za sisimizi pande zote mbili, na imesomwa mara sawa na sehemu nyingine za jenomu, hiyo ni mali ya sisimizi. Iache.

Ramani ya Hi-C ina alama kama mabawa ya kipepeo

Hi-C huonyesha sehemu zipi za DNA zilikuwa karibu ndani ya seli, na ramani yake hutumika kupanga vipande kuwa kromosomu. Mabawa yaliyokaa nje ya mstari wa mshazari maana yake ni kipande kimegeuzwa. Huenda muunganisho umekosea, huenda mdudu wa Hi-C ni tofauti na mdudu wa vipande virefu. Mara nyingi ni tofauti, kwa kuwa mmoja hatoshi kwa kazi zote mbili. Angalia kama kuna vipande virefu vinavyovuka mahali pa mgeuko bila kukatika. Vikiwepo, muunganisho ni sahihi na tofauti ni ya kweli kati ya wanyama wawili.

Migeuko ya kweli kwa sisimizi ni jambo kubwa. Kwa sisimizi wa moto, Solenopsis invicta, kromosomu yenye migeuko ndiyo inayoamua kama koloni litakuwa na malkia mmoja au wengi, jambo lililochapishwa mwaka 2013, na mwaka uliofuata ikaonekana hali ya namna hiyo kwa sisimizi Formica selysi. Ukiunyoosha mgeuko kwa mkono ili ramani ipendeze, unaweza kuwa umefuta matokeo bora kabisa ya mradi wako.

Idadi ya kromosomu usiilazimishe ifanane na ya jirani. Dume wa Myrmecia croslandi anaweza kuwa na kromosomu moja tu, wakati Dinoponera lucida ana hadi 120 katika seli yenye seti mbili. Pima mwisho wa kila kipande: ukikuta TTAGG imejirudia mamia ya mara, hapo kromosomu imeisha.

Jeni za kunusa ni chache mno

Sisimizi wengi wana vipokezi vya harufu kati ya 300 na 500, vimepangana kwa misururu ya jeni zinazofanana. Ukipata 120, usiandike kwamba baridi imemfanya asahau kunusa. Kwa vipande vifupi misururu hiyo hujikunja ikawa jeni moja. Kwa vipande virefu misururu ipo, ila programu ya kutambua jeni imeunganisha jirani wawili au watatu kuwa jeni moja ndefu ya ajabu. Tafuta protini zenye urefu mara mbili au tatu ya asidi amino 400 za kawaida, uzikate kwa mkono ukitazama RNA ya antena. Kazi inachosha na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

RNA inaonekana imeoza

Kipimo cha ubora kimetoa namba ya chini na kilima kimoja badala ya viwili. Kwa wadudu wengi hilo ni la kawaida: RNA kubwa ya ribosomu, 28S, ina mahali palipokatika kiasili, na ukiipasha moto nusu zake hutengana na kusafiri pamoja na 18S. Tazama kama mstari wa chini ni safi. Ukiwa safi, endelea.

Tatizo zito zaidi ni RNA nzuri ya wakati mbaya. Ukikusanya wafanyakazi, ukawakalisha kwenye joto la chumba, kisha ukatoa RNA, jeni zinazowashwa na baridi hazitakuwepo na programu ya kutambua jeni kama BRAKER haitapata ushahidi wa kuzichora vizuri. Gandisha baadhi papo hapo mlangoni mwa kiota, siku ya baridi, na uchukue pia wa kiangazi kama una nguvu za kuchimba.

Nimetafuta jeni za kuzuia kuganda, sikupata

Huenda hazipo, na hilo si kosa la jenomu yako. Protini za kuzuia barafu zimeibuka mara nyingi kwa njia tofauti, kwa samaki wa Antaktika, kwa mbawakawa Tenebrio molitor na wengineo, hivyo kutafuta kwa kulinganisha herufi na zile za samaki au mbawakawa hakutakupa kitu hata kama sisimizi angekuwa nazo zake. Halafu fikiria anachofanya huyu mdudu. Havumilii barafu mwilini. Anafanya kazi karibu na nyuzi 0, na kukiwa kubaya zaidi anashuka kwenye udongo usioganda. Swali lake ni namna misuli, neva na utando wa seli vinavyoendelea kufanya kazi kwenye ubaridi, kwa hiyo tazama vimeng'enya vya kulainisha mafuta ya utando, mitokondria, na protini zinazolinda nyingine zisikunjike vibaya.

Na ukipata orodha ndefu ya jeni zilizochaguliwa na baridi ukilinganisha na sisimizi wengine kama Lasius niger au Nylanderia fulva, ifungue jeni kwa jeni. Eksoni (kipande cha jeni kinachobeba maagizo ya protini) moja iliyopangwa vibaya, au jeni moja iliyounganishwa na jirani yake, hutoa alama ya uteuzi yenye nguvu kuliko ya kweli. Zile zinazobaki baada ya kuzikagua kwa macho, ziangalie kwenye RNA ya mlangoni siku ya baridi. Isiyowaka hapo wala popote pengine, itoe kwenye jedwali.